Simu Yenyewe Haitoshi

Wasomaji wetu wa siku nyingi wataikumbuka picha iliyokuwa kwenye jalada la toleo letu la mwaka jana. Wanachama 9 wa chama tumesimama nyuma ya meza, tunacheka, na mezani zimepangwa simu janja 11 na kompyuta mpakato 3. Vitu hivyo tulivikusanya kwa wiki sita kutoka mabwenini, kwa walimu wetu na kwa majirani. Vilikuwa vinakwenda Tanga, kwa kikundi cha watu wenye ulemavu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza. Mwenzetu mmoja ambaye kwao ni huko alivibeba sandukuni alipokwenda likizo. Tuliandika habari hiyo kwa furaha, tukajipongeza, kisha tukarudi kwenye mitihani.

Miezi miwili baadaye katibu wa kikundi alitutumia ujumbe wa sauti. Ni mtu wa makamo, haoni tangu utotoni, na riziki yake ni kusuka vitanda vya kamba. Alianza kwa kutushukuru na kutuombea dua ndefu, kama ilivyo desturi ya watu wa pwani. Kisha akasema: "Wanangu, sipendi kuwavunja moyo, lakini anayekuficha ukweli hakupendi. Simu saba ziko kabatini kwangu. Zinazotumika ni nne, na wanaozitumia ni watoto wetu wanaoona."

Tuliusikiliza ujumbe ule mara mbili mkutanoni. Tulikuwa tumetuma vifaa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na wao ndio hawakuweza kuvitumia. Makala haya yanaeleza tulichojifunza tangu siku ile. Tunawaandikia wanachama wenzetu na walimu wetu, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yetu, na sehemu ya dawa, kama tutakavyoonyesha, inahusu lugha ambayo ndiyo iliyotukutanisha hapa.

Kwa nini simu saba zilibaki kabatini

Jumamosi moja tulimpigia katibu, tukamwamkia, tukamwomba atueleze habari ya simu moja baada ya nyingine. Alikuwa na subira.

Simu tatu zilikuwa zimefungwa na kampuni zilizoziuza huku Marekani. Ukiweka laini ya Tanzania, simu inaikataa. Sisi hatukulijua hilo kwa sababu tangu tulipofika huku wengi wetu hatujawahi kubadilisha laini. Mbili nyingine zilikuwa kuukuu: mfumo wake umepitwa na wakati, programu mpya hazikubali kuingia, na betri ya mojawapo ilikuwa imevimba. Kompyuta mbili nazo zilikwama kwa jambo dogo kabisa. Chaja zake zina plagi za Kimarekani, haziingii kwenye soketi za Tanzania, na hatukufikiria kuweka adapta sandukuni. Kompyuta ya tatu ilipelekwa shuleni, na huko inatumika.

Zilibaki simu mbili ambazo hazikuwa na ubovu wowote, na hizo ndizo zilizotufundisha zaidi.

Ya kwanza alipewa katibu mwenyewe. Mwenzetu aliyeipeleka alikuwa amewasha programu ya kusoma skrini, ile ambayo humtajia mtu kila kitu anachokigusa. Kwa hiyo simu ilikuwa ikisema. "Tatizo ni kwamba inasema Kizungu," alituambia katibu. "Na jina langu inalitamka kama jina la dawa." Alijifunza nukta nundu utotoni huko Lushoto, anasoma na kuandika Kiswahili vizuri sana, lakini Kiingereza hakukisoma kiasi cha kuelewa mashine inayokisema mbio mbio. Akaizima.

Ya pili alipewa mama mmoja fundi cherehani, ambaye ni kiziwi. Simu yake ni nzima na laini inaingia. Anayesikia akitaka kumjulia hali ndugu yake aliyeko Dar es Salaam hupiga simu ya dakika mbili, au huandika ujumbe mfupi. Mama huyu hakupata shule ya kutosha kumwezesha kuandika anayotaka kusema. Lugha yake ni ya alama, na lugha ya alama haipiti kwenye simu ila kwa video. Video hula bando kuliko kitu kingine chochote. Bando alilonunuliwa na mwanawe liliisha kabla hajamaliza kusalimia. Hebu tulitafakari hilo kidogo: kwa mazungumzo yale yale, huyu analipa zaidi ya jirani yake anayesikia, na kipato chake ni kidogo kuliko cha jirani huyo.

Namba ya siri ambayo si siri

Huenda mtu akauliza: kwani lazima simu janja? Watu wengi vijijini wanaishi na kitochi, na maisha yanakwenda.

Ni kweli, na kitochi kina sifa yake. Ukipapasa vitufe vya simu ya aina hiyo utakuta kinundu kidogo juu ya namba 5. Kwa kinundu hicho asiyeona hujua namba zote ziko wapi, akapiga simu bila kumwomba mtu. Simu janja ilipokuja na kioo chake laini, kinundu kikapotea. Ilibidi watengenezaji wabuni njia nyingine, nayo ni sauti. Mwaka 2009 programu za kusoma skrini ziliingizwa ndani ya simu zenyewe: VoiceOver kwenye iPhone na TalkBack kwenye simu za Android. Unapitisha kidole, simu inataja kilicho chini ya kidole, unagonga mara mbili ili kukifungua. Hazinunuliwi, zimo ndani ya simu tayari.

Lakini kitochi hakisomi skrini yake kwa sauti, na siku hizi mambo mengi yanapita kwenye skrini. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, pesa za watu wa kawaida zimehamia kwenye simu. Malipo ya mazao, ada, michango ya misiba na fedha za kikundi hupita humo. Njia yake kwenye kitochi ni ile menyu ya nyota na reli. Menyu inatokea kwa maandishi, inakutaka uchague namba, na ukichelewa inajifunga. Asiyeona hawezi kuisoma. Basi hufanyaje? Humpa mtu simu, na humtajia namba yake ya siri.

Katibu wetu alifanya hivyo kwa miaka. Aliyemsaidia alikuwa kijana wa duka la jirani, na kwa muda mrefu hapakuwa na neno. Kisha msimu mmoja wa machungwa fedha za kikundi zilizokuwa kwenye laini yake zilipungua, na hakuna aliyeweza kuthibitisha zilitokaje. Kijana alihama. Wanakikundi walimwamini katibu wao, lakini yeye anasema maneno haya ambayo hatujayasahau: "Kuibiwa ni jambo moja. Kushindwa kuwaonyesha wenzangu kwamba sikuiba mimi, hilo ndilo lililoniuma."

Kwa hiyo tunaposema teknolojia iwafikie watu wenye ulemavu, hatuzungumzii starehe. Tunazungumzia mtu kuweza kujua salio lake mwenyewe, na kushika wadhifa katika kikundi bila kutiliwa shaka.

Ulemavu na umaskini hulishana

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 katika kila watu 6, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Mwaka 2022 shirika hilo pamoja na UNICEF walitoa ripoti kuhusu vifaa saidizi, kuanzia miwani na viti vya magurudumu hadi programu za kompyuta. Walisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja, na karibu bilioni 1 hawakipati. Katika baadhi ya nchi tajiri, watu 90 katika kila 100 wanaohitaji vifaa hivyo wanavyo. Katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu katika kila 100.

Nyuma ya takwimu hizo kuna gharama ambazo wengi wetu hatuzioni. Asiyeona akitoka kijijini kwenda mjini hulipa nauli mbili, yake na ya anayemwongoza. Mtu wa kiti cha magurudumu hukataliwa na daladala, akakodi bajaji. Mtu mwenye ualbino ambaye ana uoni hafifu huketi nyuma darasani, haoni ubao, na akishindwa mtihani huambiwa hana akili. Elimu inapokatika kazi inakuwa ngumu kupatikana, na bila kazi hakuna kifaa, na bila kifaa elimu na kazi huzidi kuwa mbali. Ulemavu humsukuma mtu kwenye umaskini, na umaskini huufanya ulemavu uwe mzito kuliko ulivyo.

Simu ingeweza kupunguza baadhi ya gharama hizo. Mwenye uoni hafifu anaweza kukuza maandishi na kugeuza rangi za skrini bila kununua chochote. Ambaye mikono yake haina nguvu anaweza kuandika kwa kusema, na tangu mwaka 2017 Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti. Anayekwenda mjini kuuliza kama malipo yametoka angeuliza akiwa nyumbani. Lakini kila moja ya faida hizo inataka vitu vinne kwa pamoja: kifaa kinachofanya kazi, umeme wa kukichaji, bando, na mtu wa kukufundisha. Sisi tulituma kimoja, tukadhani tumetuma vyote.

Hapa kwetu, na aibu tuliyoipata

Kikao cha pili cha kujadili jambo hili kilihudhuriwa na mwanachama mpya, dada yetu kutoka Kenya anayesoma shahada ya pili. Haoni. Alikaa kimya kwa muda, akisikiliza tukilaumiana kuhusu plagi na laini. Halafu akauliza: "Hiyo habari ya simu mliiandika kwenye jarida, sivyo? Mimi nilijaribu kuisoma. Kompyuta yangu iliniambia kurasa zote ni picha."

Na kweli zilikuwa picha. Kwa miaka kadhaa jarida letu limekuwa likipangwa, likachapishwa, likapigwa picha kurasa zote na kuwekwa pamoja kama faili la PDF. Anayeona haoni tofauti. Programu ya kusoma skrini haikuti hata herufi moja. Yaani tulikuwa tumeandika kurasa mbili za kujisifu kwa kuwasaidia wasioona, na msomaji asiyeona aliyekuwa nasi chumba kimoja hakuweza kuzisoma.

Dada huyu hakusema hayo kwa kutusuta. Alitueleza maisha yake ya hapa. Sheria ya Marekani kuhusu watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990, na vyuo vikuu vinaiogopa. Kuna ofisi maalumu inayomgeuzia vitabu vya kiada viwe maandishi yanayosomeka. Kwenye kompyuta yake aliwekewa JAWS, programu ya kusoma skrini ambayo leseni yake ya kudumu hufikia dola 1,000 na zaidi. Amepewa pia kifaa kinachoinua nukta nundu chini ya vidole kadiri anavyosoma, na vifaa vya namna hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Nyumbani alisoma kwa kuazima kompyuta moja na wenzake, kwa zamu ya nusu saa.

"Ulemavu wangu haukupungua nilipopanda ndege," alisema. "Kilichobadilika ni nani analipa."

Lakini hata hapa, alituambia, kuna mlango ambao bado haujafunguka, nao ni Kiswahili. Vitabu vyake vya Kiingereza husomeka. Akifungua kazi ya somo la Kiswahili, mashine huchukulia kwamba ni Kiingereza, ikaisoma kwa kanuni za Kiingereza. Alituchezea mfano. Sentensi ilikuwa rahisi, "Wale wote walikuwa pale na mume wake." Mashine ilisema kitu kama "weil wout", kisha "peil", na "mume" ikawa "myum". Tulicheka, yeye pia alicheka, kisha akasema kwamba hivyo ndivyo alivyosoma riwaya nzima muhula uliopita.

Kumbe sauti ya Kiswahili ipo

Jambo lililotushangaza ni kwamba dawa ya tatizo hili kwa sehemu kubwa ipo, tena bure.

Mwaka 2006 vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianza kutengeneza programu ya kusoma skrini kwa kompyuta za Windows. Hoja yao ilikuwa rahisi: haifai asiyeona alipie zaidi ya mwenzake ili tu aweze kutumia kompyuta ile ile. Programu hiyo inaitwa NVDA. Hailipiwi, mtu yeyote anaweza kuisambaza, na unaweza kuibeba kwenye flashi ukaitumia kwenye kompyuta ya shule au ya kafe bila kuisakinisha. Ndani yake kuna sauti za lugha nyingi zinazotokana na mradi wa eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Si sauti tamu. Inakwaruza, haina mahadhi ya mtu. Lakini "mume" inaisoma "mume". Kwa simu za Android nako, sauti ya Kiswahili inaweza kupakuliwa, na ikishapakuliwa inasoma hata pasipo intaneti.

Basi kwa nini katibu alipata simu inayosema Kizungu? Kwa sababu hakuna kati yetu aliyefungua mipangilio akabadilisha lugha. Ilikuwa kazi ya dakika tano na bando kidogo, na sisi chuoni tuna intaneti isiyopimwa. Na kwa nini riwaya ya dada ilisomwa Kiingereza? Kwa sababu aliyeandaa faili hakuitambulisha lugha yake. Kila hati ya kompyuta, na kila ukurasa wa tovuti, una mahali pa kuandika kwamba lugha hii ni Kiswahili. Ukipaacha, mashine hukisia, na mara nyingi hukisia Kiingereza.

Sauti bora zaidi zitakuja kadiri Kiswahili kitakavyokuwa na rekodi nyingi za watu halisi wakisema. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya rekodi za namna hiyo kwa hiari, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Mtu husoma sentensi fupi, wengine husikiliza na kuthibitisha, na mkusanyiko hutolewa bure kwa yeyote anayetengeneza programu. Chama kama chetu, chenye watu wa Mombasa, Unguja, Bukavu, Bujumbura na Mbeya, kina lafudhi ambazo mashine hazijazizoea.

Sheria inasemaje

Walimu wetu waliposoma rasimu ya makala haya walitutaka tusiishie kwenye moyo wa huruma, kwa kuwa jambo hili ni haki. Wana hoja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inazitaka nchi zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanafikia, sawa na wengine, si majengo na vyombo vya usafiri tu bali pia habari na teknolojia ya mawasiliano, intaneti ikiwemo. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Kenya, katika ibara ya 7, iliitaka serikali iendeleze Lugha ya Alama ya Kenya, nukta nundu na teknolojia za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Upo pia Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu vigeuzwe katika maumbo yanayosomeka na wasioona, na vivuke mipaka, bila kusubiri ruhusa ya mwenye haki ya kunakili. Kenya, Tanzania na Marekani zote zimejiunga nao.

Kwa hiyo sheria zipo. Pengo liko kati ya sheria na mfuko wa mtu. Sheria inaweza kusema mlango uwe wazi, lakini haimpi mtu nauli ya kuufikia. Anayetengeneza huduma ya simu akifikiria tu mteja mwenye simu mpya, macho mazima na bando la mwezi, atakuwa amemtupa nje katibu wetu bila kumkataza kwa neno hata moja. Ndiyo maana bei na lugha lazima viwemo kwenye mazungumzo ya haki.

Safari ya pili

Mara ya pili tulianza kwa kuuliza. Tulimwomba katibu akae na wenzake, watuambie wanataka nini. Jibu lilichukua wiki tatu, na halikuwa tulilotarajia. Hawakuomba simu zaidi. Waliomba vitu vinne: zile simu tatu zilizofungwa zifunguliwe au zibadilishwe, paneli moja ya jua ya kuchajia ili wasilipe dukani kila mara, adapta za plagi, na mwalimu. Kuhusu mwalimu walikuwa na sharti: awe mtu asiyeona mwenyewe. "Anayeona huninyang'anya simu akanifanyia," alisema katibu. "Asiyeona ataniacha nikosee."

Tuliuza chai na mandazi kwenye siku ya utamaduni, na walimu wawili wakaongezea. Mwalimu alipatikana Tanga mjini, kijana asiyeona anayetumia TalkBack kila siku. Alikaa kijijini siku tatu. Tulilipa nauli yake, chakula chake, na ujira wake, kwa sababu ujuzi wake ni kazi kama kazi nyingine. Simu tulizotuma safari hii zilikuwa tano tu. Kila moja tuliijaribu kwa laini ya nje, tukapakua sauti ya Kiswahili, tukaitumia kwa wiki nzima skrini ikiwa imezimwa, kisha ndipo ikafungwa sandukuni.

Hatutatia chumvi matokeo. Wanakikundi wanne wasioona sasa wanaangalia salio lao na kutuma pesa wenyewe, mmoja wao akiwa katibu. Mmoja alijaribu akaona vidole vyake havimtii, akarudi kwenye kitochi, na hilo ni chaguo lake. Kijana mwenye ualbino anakuza maandishi na anasoma masomo yake bila kuinamia karatasi. Paneli inachaji, isipokuwa siku za mvua. Mama fundi cherehani bado hajapata suluhisho. Tunachangia bando lake kila mwezi, lakini tunajua kwamba mchango wa wanafunzi si mpango wa kudumu. Kampuni za simu zinaweza kuweka bando la bei nafuu kwa watumiaji wa lugha ya alama, na serikali zinaweza kuzitaka zifanye hivyo. Tungependa mwanachama anayesoma sheria au sera alichukue hilo kama mada ya utafiti wake.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Baada ya yote hayo tulikaa na dada yetu, akatusaidia kuweka utaratibu wa jarida na wa chama. Si mrefu.

Jarida litatolewa kama maandishi halisi, si picha za kurasa. Vichwa vya makala vitawekwa kama vichwa ndani ya faili, si maneno yaliyokolezwa wino tu, ili msomaji aweze kuruka kutoka makala moja hadi nyingine. Kila picha itakuwa na maelezo ya maneno yanayosema kilichomo. "Picha ya wanachama" haitoshi. Lugha ya kila hati itatambulishwa kuwa Kiswahili. Video zetu za jioni ya mashairi zitakuwa na manukuu, jambo ambalo litawafaa pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasioweza kufuata kasi ya washairi wetu. Mabango ya mikutano tunayosambaza kwenye simu yataambatana na ujumbe wa maandishi, kwa sababu bango lisilo na maandishi chini yake ni ukuta kwa asiyeona, tena hula bando la kila anayelipokea.

Kwa walimu wetu tuna ombi moja. Kazi za somo na dondoo za vitabu mnazotupa zikiwa zimenakiliwa kwa kamera, tafadhali tuleteeni. Tumegawana zamu ya kuzichapa upya. Kuna kitabu kimoja cha ushairi tumeanza nacho, na tumegundua kwamba anayechapa shairi neno kwa neno hulielewa kuliko aliyelisoma mara moja kabla ya darasa.

Toleo hili alilisoma dada yetu kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuta makosa matatu ya chapa ambayo macho yetu sote yaliyapita, na picha moja tuliyosahau kuielezea. Yamerekebishwa. Katibu naye ametumiwa nakala. Jana alituletea ujumbe kwamba amefika ukurasa wa nne, na kwamba sauti ya simu inasoma haraka mno, lakini jina lake sasa inalitamka sawasawa.

Mkutano ujao ni Alhamisi, mahali petu pale pale. Kila mwanachama aje na simu yake, ikiwa imechajiwa. Tutawasha programu ya kusoma skrini, tutazima skrini, na kila mmoja atajaribu kumtumia mwenzake ujumbe mmoja kwa Kiswahili. Dada yetu atatufundisha, na ametuonya mapema kwamba hatamnyang'anya mtu simu.